Hans Geiger: Aliyehesabu Visivyoonekana

Msomaji mpenzi, wazee wetu walisema, ukiona vyaelea, vyaundwa. Leo napenda nikusimulie habari za Hans Geiger, bingwa aliyeunda chombo cha kuona yale yanayolishinda jicho la binadamu.

Geiger alizaliwa Neustadt, Ujerumani, tarehe 30 Septemba 1882. Babaye alikuwa profesa, mjuzi wa lugha za Uajemi na Bara Hindi. Mwana akashika elimu ya fizikia, na mwaka 1907 akaenda Manchester, Uingereza, kufanya kazi na Ernest Rutherford.

Zamani hizo chembe zitokazo katika madini ya radiamu zilihesabiwa kwa macho. Mtu hukaa gizani, akahesabu vimeta kimoja kimoja hadi macho yakachoka. Na jicho lililochoka si shahidi. Mwaka 1908 Geiger na Rutherford wakaunda mwanzi wa madini wenye gesi, katikati umepita waya wa umeme. Chembe ikipita, huvunja atomu za gesi, umeme ukashtuka na sindano ikacheza. Mwaka 1928, huko Kiel, Geiger na mwanafunzi wake Walther Müller wakakikamilisha chombo hicho.

Mwaka 1939 Geiger alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitwa na jeshi la Ujerumani kushauriana juu ya nguvu za uraniamu. Alifariki dunia Potsdam tarehe 24 Septemba 1945, wiki saba barabara baada ya bomu la atomu kuangushwa Hiroshima.

Mimi naona hapo pana funzo. Elimu iliyoleta maangamizi ndiyo iliyotupa na mlinzi. Karibu na Geneva, Uswisi, upo mtambo wa kukimbizia chembe, wenye mzingo wa kilomita 27, ulioanza kazi mwaka 2008. Mkondo wa chembe ukipotea njia hata kidogo, huweza kuharibu vyuma vya thamani kubwa. Kwa hiyo kando ya njia yake viliwekwa vyombo zaidi ya 3,500 vyenye gesi ya naitrojeni, ndugu wa kile cha Geiger. Vikihisi chembe nyingi kupita kiasi, mkondo hutolewa nje kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijapita.

Geiger hakuyaona hayo. Lakini kila kengele ya hatari ikilia mbele ya miali isiyoonekana, jasho lake limo.