Rube Foster, mtoto wa Calvert

Wandugu, ukitoka hapa Euless kwenda Houston kwa kupitia Waco na barabara namba 6, utakipita kimji kiitwacho Calvert. Mimi nilikuwa najipitia tu, hadi nilipojua kwamba Rube Foster alizaliwa hapo mwaka 1879.

Jamaa alianza kulipwa kwa kutupa mpira wa besiboli katika timu ya weusi ya Waco, kisha akahamia Chicago. Ligi kubwa za Wazungu zilikuwa zimewafungia weusi milango. Basi mwaka 1920, mjini Kansas City, akawakutanisha wenye timu wenzake, wakaunda ligi yao wenyewe, timu 8. Rais ni yeye, Chicago American Giants ni yake, ratiba anapanga yeye, na asilimia 5 ya viingilio anachukua yeye. Wenzake walinung'unika, na kwa kweli naona walikuwa na haki. Lakini ligi ilisimama.

Mwaka 1926 akachanganyikiwa, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili Kankakee, akafia huko Desemba 1930. Ligi nayo ikafa mwaka uliofuata. Jackie Robinson alipoingia ligi kubwa mwaka 1947, Foster alikuwa na miaka 16 kaburini.