Frantz Fanon: Tabibu aliyewarejeshea wagonjwa wa akili utu wao

WAPO Waafrika wengi wanaoamini hadi leo kwamba sonona, ile huzuni nzito isiyombanduka mtu, ni maradhi ya Wazungu. Dhana hiyo iliwahi kuandikwa vitabuni na madaktari wa kikoloni, na mmoja wao alikuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari jijini Nairobi. Miongoni mwa waliojitokeza kuipinga ni Frantz Fanon. Wengi humkumbuka kama mwanamapinduzi wa Algeria, ilhali kazi aliyosomea na kuifanya kwa miaka mingi ilikuwa kuwatibu wagonjwa wa akili.

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925 mjini Fort-de-France katika kisiwa cha Martinique, kilichokuwa koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibea. Mwalimu wake mmoja katika shule ya upili alikuwa mshairi mashuhuri Aimé Césaire. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, kijana huyo alijiunga na jeshi la Wafaransa waliompinga Hitler. Alijeruhiwa mwaka wa 1944 na kutunukiwa nishani ya ushujaa. Hata hivyo, alirudi nyumbani na kidonda kingine moyoni, kwani alikuwa ameshuhudia jinsi wanajeshi weusi walivyodharauliwa na taifa lile lile walilolimwagia damu.

Baada ya vita alikwenda kusomea udaktari katika mji wa Lyon, Ufaransa. Huko alikutana na vibarua kutoka Afrika Kaskazini waliofika hospitalini wakilalamikia maumivu ya mwili mzima. Madaktari walipokosa kuona jeraha, waliwaita waongo na wavivu. Katika makala aliyoichapisha mwaka wa 1952, Fanon alieleza kwamba maumivu hayo yalikuwa ya kweli. Mtu aliyetengana na jamaa zake, anayeishi katika ufukara na kudharauliwa kila aendako, huugua hata kama kipimo hakionyeshi kitu.

Jambo hilo madaktari wa leo wanalikubali. Wengi walio na sonona au wasiwasi uliopita kiasi hufika kwa daktari wakilalamikia kichwa, tumbo, kifua kubana, moyo kwenda mbio au kukosa usingizi. Hawaigizi. Akili inapolemewa, mwili nao hulia.

Mwaka huo huo wa 1952 Fanon alianza kufanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban, kusini mwa Ufaransa, chini ya daktari Mhispania François Tosquelles. Hapo alijifunza kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa dawa au sumu. Mgonjwa anayefungiwa, asiyesemezwa na asiyepewa kazi yoyote huzidi kudidimia. Yule anayeshirikishwa katika maisha ya kila siku huanza kurejea miongoni mwa watu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1953 alihamia hospitali ya Blida-Joinville nchini Algeria akiwa na umri wa miaka 28. Alikabidhiwa wodi ya wanawake 165 wa Kizungu na nyingine ya wanaume Waislamu 220. Kwa wanawake, mbinu alizotoka nazo Ufaransa zilifaulu: waliimba pamoja, walitazama filamu, walisherehekea sikukuu na kuandika gazeti lao. Kwa wanaume, miezi ilipita bila mafanikio. Walikaa kimya, wakasusia mikutano na kukataa kazi za mikono walizopangiwa.

Fanon na msaidizi wake Jacques Azoulay hawakuwalaumu wagonjwa. Waligundua kwamba kosa lilikuwa lao, kwa kuwa walikuwa wamewaletea watu hao sikukuu, nyimbo na desturi za wageni, tena kupitia kwa mkalimani. Hapo wakabadili mwendo. Wagonjwa walifunguliwa mgahawa wa kahawa kama ule waliouzoea mijini kwao, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, na mtambaji wa hadithi akaalikwa kuja kuwasimulia. Baadaye uwanja wa kandanda ulijengwa, na wagonjwa wenyewe walishiriki katika ujenzi. Watu waliokuwa wamenyamaza walianza kuzungumza.

Haifai kudhani kwamba Fanon alipuuza dawa. Alizitumia tiba zote za wakati wake. Alichokataa ni kumtibu mtu kana kwamba hana lugha, dini, kazi wala jamaa.

Katika miaka hiyo, wataalamu wa kikoloni walifundisha mambo mengine kabisa. Mjini Algiers, Antoine Porot na wafuasi wake walidai kwamba Mwarabu ni mhalifu kwa maumbile. Nchini Kenya, Daktari J.C. Carothers alikuwa amesimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, aliulinganisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyepasuliwa na kukatwa sehemu ya mbele, na akadai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Fanon alimjibu katika kitabu chake cha mwisho. Alionyesha kwamba yaliyoitwa maumbile yalikuwa matokeo ya dhuluma.

Ushahidi aliupata wodini. Vita vya ukombozi vilipoanza Novemba 1954, aliwatibu walioteswa na pia polisi waliowatesa. Walioteswa waliandamwa na hofu na kukosa usingizi. Afisa mmoja aliyezoea kuwatesa wafungwa alifikia hatua ya kuwapiga mkewe na watoto wake. Fanon aliona kwamba ukatili huwaharibu wote wawili, na kwamba hakuna kabila wala rangi iliyo na kinga.

Mwishoni mwa 1956 alijiuzulu, kwa kuwa hakuweza tena kuwaponya watu na kuwarudisha katika hali ile ile iliyowaugua. Alifukuzwa Algeria mwaka wa 1957, akahamia Tunis. Huko alianzisha kituo ambako wagonjwa walitibiwa mchana na kurudi kwao jioni, ili wasikatwe na familia zao.

Saratani ya damu ilimshika akiwa balozi wa serikali ya muda ya Algeria nchini Ghana. Alifariki Desemba 6, 1961 nchini Marekani akiwa na miaka 36 tu, miezi michache kabla ya Algeria kupata uhuru. Kitabu chake cha mwisho kilikuja kutafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Viumbe Waliolaaniwa.

Kwa anayeishi na sonona au wasiwasi leo, kazi ya Fanon ina funzo la karibu. Maradhi haya hutibika. Asiyelala, asiyefurahia tena alichokipenda au anayehisi maisha hayana maana kwa majuma kadhaa anahitaji daktari, na wakati huo huo anahitaji watu wa kuzungumza nao kwa lugha yake, kazi ya kumpa shughuli, mazoezi na ibada au sherehe aliyoizoea. Jamaa nao wana wajibu wao: kumsikiliza bila kumwita mvivu, na kutomficha chumbani kwa aibu.

Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina la Frantz Fanon, na bado inapokea wagonjwa.