Mwami Rwabugiri na Sinema za Vita



Muhula huu tulionyeshwa sinema iitwayo Braveheart, iliyotolewa mwaka 1995, juu ya William Wallace, shujaa wa Uskoti. Tulipiga makofi hata mikono ikauma. Kesho yake mwalimu wetu wa historia alitueleza kwamba vita vya Stirling vya mwaka 1297 vilipiganwa penye daraja jembamba. Wallace na mwenziwe Andrew Moray waliwangoja Waingereza wavuke sehemu tu ya jeshi lao, ndipo wakawaangukia. Katika sinema daraja lile halimo kabisa! Akili ya vita imeondolewa, zikabaki kelele na damu.

Usiku ule tulibishana bwenini. Mmoja wetu alisema kwamba sisi Wanyarwanda nasi tunaye wa kutengenezewa sinema, yaani Kigeli IV Rwabugiri. Wote tulikubali, ila rafiki yangu mmoja alinyamaza. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake ni mtu wa kisiwa cha Ijwi, na kwao jina hilo halitajwi kwa shangwe. Basi nilikwenda maktabani kusoma habari za mwami huyu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Rwabugiri alikuwa mwana wa Mwami Mutara II Rwogera. Waandishi wa historia hawapatani juu ya mwaka aliotawazwa: wengine husema 1853, wengine husema karibu na 1867. Wote wanapatana kwamba alifariki mwaka 1895. Hakupenda kutulia mahali pamoja. Alikuwa na makao mengi, mojawapo likiwa Rubengera, karibu na Ziwa Kivu, na kutoka huko alipeleka vita Bushi na Ijwi. Upande wa kaskazini alipigana Ndorwa na Nkore.

Msidhani kwamba watu wake walikimbilia vita ovyo kama tuonavyo katika sinema. Kila jeshi lilikuwa na jina lake, mkuu wake na makundi yake ya ng'ombe. Jeshi la mwami mwenyewe liliitwa Ingangurarugo. Wengine walipigana kwa mikuki, pinde na ngao, wengine walichukua vyakula, na wengine walichunga ng'ombe. Askari alijifunza pia kutunga majigambo yake na kuyatamka mbele ya watu. Kwa Ijwi ilibidi kuvuka ziwa kwa mitumbwi. Huko Kabego, mwami wa kisiwa, aliuawa, na watu wake wakatiwa chini ya Rwanda.

Lakini maisha yake yana daraja lake pia, nami naogopa watengenezaji wa sinema wangeliondoa. Mama yake, Murorunkwere, aliuawa katika fitina za ikulu wakati mwanawe akitawala. Tena katika siku za Rwabugiri ilianza kazi iitwayo uburetwa, ambayo wakulima walilazimishwa kumfanyia chifu wa kilima bila malipo. Mzigo huo uliwaangukia Wahutu, nao wafugaji wa Kitutsi hawakuubeba. Hivyo mfarakano ulizidi kati ya watu wa lugha moja, na wakoloni waliokuja baadaye wakauongeza. Sisi tuliozaliwa baada ya mwaka 1994 twajua mfarakano huo uliishia wapi.

Karibu na mwaka 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana nchini. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika mbele ya mwami. Mwaka uliofuata Rwabugiri alifariki huko Kivu, akiwa katika safari ya vita juu ya Bushi. Watu wa Ijwi walijitoa chini ya Rwanda. Mwanawe Rutarindwa alirithi, lakini mwaka 1896 huko Rucunshu alipinduliwa, akafa. Kanjogera na ndugu zake wakamweka Musinga, mwana wa Kanjogera, juu ya kiti. Nchi iliyogawanyika hivyo haikuwa na nguvu ya kuwazuia Wajerumani.

Je, Rwabugiri alikuwa shujaa? Mimi nasema alikuwa hodari kweli, na mipaka aliyoisukuma ilimfanya aogopwe pande zote. Lakini hodari wa nyumba moja huweza kuwa kilio cha nyumba ya pili. Nilimsomea rafiki yangu habari hizi kabla ya kuzitoa kwa mhariri. Aliniomba nisilifute jina la Kabego, nami nimeliacha. Siku mmoja wetu atakapotengeneza sinema hiyo, naomba naye asilifute.