Padre Titus Brandsma na Tangazo Lililokataliwa

Katika Seminari Kuu tulizoea kula kimya, huku mmoja wetu amesimama mbele akitusomea maisha ya watakatifu. Ni desturi njema, wala hatuisemi vibaya. Lakini yatupasa kukiri kwamba mara nyingi masikio yalisikia na moyo ukabaki kwenye sahani. Wafiadini wa Roma walikuwa mbali nasi mno. Hatukutazamia kutupwa mbele ya simba, wala hakuna mfalme aliyetutaka tufukize ubani mbele ya sanamu yake. Ndipo siku moja yakasomwa maisha ya padre mmoja Mholanzi aliyekamatwa, akafungwa, akauawa, kwa sababu aliwazuia wahariri wa magazeti wasichapishe tangazo la kulipiwa. Siku ile vijiko vilisimama. Sasa sisi wenyewe tumekalia kiti cha mhariri, na habari ile imeturudia. Nasi tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu, wakubwa kwa wadogo.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1881 katika nchi ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, karibu na mji mdogo wa Bolsward. Jina lake la ubatizo lilikuwa Anno. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye ng'ombe wa maziwa, Wakatoliki wa kweli katika nchi ambayo majirani wengi walikuwa Waprotestanti. Katika watoto wao sita, watano waliingia utawani. Hebu fikiri, msomaji mpendwa, nyumba ya wakulima wawili waliotoa watoto watano!

Kijana huyu alikuwa mwembamba, na afya yake ilikuwa dhaifu tangu utoto. Alisoma kwanza kwa Mapadre Wafransisko, kisha mwaka 1898 akaingia Shirika la Wakarmeli huko Boxmeer, akachukua jina la Titus, ambalo ndilo jina la baba yake. Alipata upadre tarehe 17 Juni 1905, akapelekwa Roma, akarudi mwaka 1909 akiwa daktari wa falsafa. Kwa miaka mingi alifundisha seminari ya shirika lake katika mji wa Oss, na hapo ndipo alipoonja kazi ya magazeti, kwa kuwa alishika uhariri wa gazeti la mji ule. Mwaka 1923 Wakatoliki wa Uholanzi walipofungua Chuo Kikuu chao katika mji wa Nijmegen, aliitwa kufundisha falsafa na historia ya maisha ya sala. Mwaka 1932 akawa Gombera wa Chuo kwa mwaka mmoja.

Wengine waliomjua walisema hakuwa bingwa wa kwanza katika elimu. Huenda ni kweli. Mlango wake ulikuwa wazi mno. Wanafunzi, wajane, wageni, watu wasio na kazi, wote walipanda ngazi zake, naye hakumrudisha mtu. Aliwatetea Wafrisia wenzake ili lugha yao ya nyumbani isidharauliwe shuleni wala kanisani, jambo ambalo sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunalielewa bila kufafanuliwa. Alikusanya picha za maelfu ya kurasa za vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono na watu wa sala wa nchi yake. Tena alipenda kiko na tumbaku.

Kati ya watakatifu aliowapenda, wa kwanza alikuwa Mtakatifu Teresa wa Avila, yule mtawa wa Hispania wa karne ya 16 aliyelirekebisha Shirika la Wakarmeli lilipokuwa limelegea. Pamoja na wenzake, Padre Titus alifanya kazi ya kutafsiri maandiko yake kwa Kiholanzi. Tukumbuke jambo hili, kwa maana Teresa atarudi tena katika habari yetu, gerezani.

Mwaka 1935 Maaskofu walimweka awe mshauri wa kiroho wa waandishi wa magazeti ya Kikatoliki. Wakati ule Hitler alikuwa amekwisha kutawala Ujerumani, ng'ambo tu ya mpaka. Padre Titus hakungoja vita. Aliandika kulaani mateso ya Wayahudi, na darasani aliwaeleza wanafunzi wake makosa ya mafundisho ya Wanazi, akiyapima kwa falsafa, pasipo matusi. Magazeti ya Ujerumani yalimtukana. Yeye akaendelea kupanda treni zake na kuvuta kiko chake.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Hitler yakaingia Uholanzi, na katika siku chache nchi ikawa mikononi mwao. Hapa msomaji asidhani kwamba magazeti ya Kikatoliki yalisimama mara moja kama ukuta. Hayakusimama. Yalichapisha amri za watawala wapya, yakanyamaza palipokatazwa kusema, yakatumaini kwamba mvua itapita. Hatuandiki haya ili kuwahukumu. Gazeti likifungwa, wachapaji hukosa mshahara, na watoto wao hulala na njaa. Mhariri huyafikiri hayo kila jioni. Padre Titus mwenyewe aliyajua, naye hakuwataka wahariri wavunje kila amri. Alichotafuta ni mahali pale ambapo Mkristo hawezi kupita hatua moja zaidi.

Mahali penyewe palikaribia kidogo kidogo. Mwezi Januari 1941 Maaskofu walitangaza kwamba Mkatoliki anayekiunga mkono chama cha Wanazi wa Kiholanzi, kilichoitwa N.S.B., hawezi kupewa sakramenti. Mwaka uleule ikaja amri ya kuwatoa shuleni watoto wa Kiyahudi. Padre Titus alikuwa mwenyekiti wa umoja wa shule za Kikatoliki za sekondari, naye alikataa kwamba shule hizo zifukuze mtoto kwa sababu ya asili yake. Kisha, mwishoni mwa Desemba 1941, magazeti yote yakaambiwa kwamba hayana ruhusa ya kukataa matangazo ya N.S.B.

Amri yenyewe ilionekana ndogo. Hakuna mhariri aliyeambiwa aandike uongo kwa kalamu yake, wala aikane imani. Alitakiwa tu apokee fedha na kuacha nafasi kidogo chini ya ukurasa, kama anavyowaachia wauza sabuni. Lakini Padre Titus aliona kwamba chama kilichofungiwa sakramenti kisingeweza kukaribishwa katika nyumba za Wakatoliki kupitia gazeti lao wenyewe. Gazeti likikubali, halitakuwa tena la Kikatoliki, hata likibaki na msalaba juu ya ukurasa wa kwanza.

Alikwenda kwa Askofu Mkuu Johannes de Jong wa Utrecht, wakashauriana. Ikakubaliwa kwamba wahariri waandikiwe barua, na tena kwamba mtu awaendee mmoja mmoja, kwa kuwa barua haiwezi kumtazama mtu usoni. Askofu Mkuu alimwonya kwamba kazi hiyo ni ya hatari, na kwamba yu huru kuikataa. Akaikubali. Mwanzoni mwa Januari 1942, katika baridi kali, padre huyu wa miaka sitini, mwenye tumbo bovu, alisafiri mji kwa mji. Alikaa na mhariri, akamweleza mpaka uko wapi, akasikiliza hofu yake, akaenda kwa mwingine. Alikuwa amekwisha kuwaona kumi na wanne.

Polisi wa siri walikuwa wakimfuata. Jioni ya tarehe 19 Januari walimkuta katika konventi yake huko Nijmegen. Alipiga magoti akaomba baraka ya mkubwa wake, akaenda nao. Wakampeleka gereza la Scheveningen, kando ya bahari.

Mjerumani aliyemhoji alikuwa mtu wa taratibu, naye alitaka kujua kama ni kweli padre aliwashauri wahariri wakatae. Padre Titus hakujificha nyuma ya mtu. Alikubali kwamba alifanya hivyo, na kwamba angali anaona ilikuwa haki. Akaamriwa aandike kwa nini Waholanzi, hasa Wakatoliki, wanakipinga chama kile. Akaandika kwa upole na kwa wazi kabisa, na mwisho wa maandishi yale akaziombea baraka ya Mungu nchi zote mbili, Uholanzi na Ujerumani, zirudi kukaa bega kwa bega katika amani. Wengi wetu tungeweza kuandika sehemu ya kwanza. Hiyo ya pili tungeiacha kwenye wino.

Katika chumba chake cha gereza alijiwekea ratiba kama ya konventi: saa ya sala, saa ya kutembea hatua chache huku na huku, saa ya kuandika. Kiko chake kilichukuliwa, naye akalitaja jambo hilo katika maelezo ya maisha yake ya kifungoni kama mtu anayemtaja rafiki aliyesafiri. Hakuweza kusoma Misa. Ndipo akarudi kwa Teresa wake. Alianza kuandika maisha ya mtakatifu yule, na alipokosa karatasi aliandika katikati ya mistari ya kitabu kilichokwisha kupigwa chapa, herufi ndogondogo, ukurasa baada ya ukurasa. Mtawa wa Hispania aliyelirekebisha shirika alisimuliwa hivyo na mfungwa wa Uholanzi, bila maktaba, bila meza ya maana. Hakuweza kuimaliza kazi ile. Ilichapishwa baada ya vita.

Mwezi Machi alihamishiwa kambi ya Amersfoort, ambako wafungwa walifanya kazi ngumu kwa chakula kidogo, na wengi waliharisha damu. Mapadre walikatazwa kufanya kazi yao. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili 1942, wafungwa walimzunguka, akawapa mazungumzo juu ya watu wa sala wa Uholanzi wa kale. Kumbe alikuwa akiwahubiria Mateso ya Bwana. Walimsikiliza Wakatoliki, Waprotestanti, na wasio na dini.

Tusimfanye mtu aliyetamani kufa. Alipokuwa amefungwa Kleve, mpakani, akingoja kupelekwa Dachau, iliombwa kwamba afungiwe katika konventi moja ya Wakarmeli huko Ujerumani badala ya kambi. Ombi halikukubaliwa. Alifika Dachau tarehe 19 Juni 1942, akapewa namba 30492.

Katika kambi ile, karibu na München, waliwekwa kwa miaka ile ya vita zaidi ya makasisi 2,500 kutoka nchi nyingi, na zaidi ya 1,000 walifia humo, Wapolandi wakiwa wengi kuliko wote. Padre Titus alilazwa pamoja nao. Alfajiri walipelekwa kwenye mashamba, wamevaa viatu vya mti vilivyowachuna miguu, na wasimamizi waliwapiga kwa sababu yo yote na pasipo sababu. Alimkuta huko bruda wa shirika lake, Raphael Tijhuis, ambaye aliokoka, akasimulia. Twajua kwake na kwa wenzake kwamba Ekaristi Takatifu iliwafikia kwa siri kutoka kwa mapadre Wajerumani, na kwamba Padre Titus aliificha katika kasha la miwani yake. Siku moja alipigwa akiwa ameishikilia kwapani, akaanguka, wala hakuliachia kasha. Usiku ule alikaa macho akiabudu.

Mwili haukuweza zaidi. Katikati ya Julai alipelekwa hospitali ya kambi, mahali ambapo wagonjwa walijaribiwa dawa. Jumapili, tarehe 26 Julai 1942, baada ya saa sita mchana, mwuguzi mmoja mwanamke, kwa amri ya daktari wa kambi, alimchoma sindano ya sumu. Mwili ukachomwa moto.

Jumapili ileile, katika makanisa ya Uholanzi, ilisomwa barua ya Maaskofu iliyopinga waziwazi kuhamishwa kwa Wayahudi. Watawala walilipiza kisasi. Tarehe 2 Agosti waliwakamata Wakatoliki wenye asili ya Kiyahudi, na kati yao alikuwamo mtawa Mkarmeli wa konventi ya Echt, Edith Stein, ambaye aliuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti. Maaskofu walikuwa wameonywa wasiisome barua ile. Wako wanaouliza hata leo kama ingefaa wanyamaze, na swali hilo si la kijinga. Lakini wenye kuwaua watu wale ni waliowaua, si walioisoma barua.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Padre Titus kuwa Mwenye Heri tarehe 3 Novemba 1985, na Papa Fransisko akamtangaza Mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Sikukuu yake ni tarehe 27 Julai.

Mmoja wa mashahidi waliotoa habari zake kwa Kanisa alikuwa yule mwuguzi mwenyewe. Alilelewa Mkatoliki, naye alikuwa ameiacha imani yake. Alieleza kwamba mgonjwa yule alimwonea huruma, akamshika mkono, akampa rozari yake. Yeye akajibu kwamba haina faida kwake, kwa kuwa hajui tena kusali. Padre akamwambia kwamba kama hawezi yote, aseme tu sehemu ya mwisho ya Salamu Maria, ile ya kuwaombea wakosefu. Akacheka. Miaka mingi baadaye, alipokwenda kushuhudia, alikuwa amerudi Kanisani.