Ivan Turgenev, Mrusi aliyekataliwa na wazee na vijana pia

Kati ya komini sita za Kisangani, ni Lubunga pekee iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo. Mwanafunzi wa Lubunga anayesoma ng'ambo huvuka asubuhi kwa mtumbwi, na jioni hurudi na mawazo ambayo baba yake hajawahi kuyasikia. Kijana wa namna hiyo ndiye aliyeandikiwa riwaya na Mrusi Ivan Turgenev mwaka 1862. Riwaya hiyo, Baba na Wana, imeingia hata kwenye majukwaa ya michezo ya kuigiza.

Turgenev alizaliwa mjini Oryol tarehe 9 Novemba 1818. Baba yake, afisa wa jeshi la wapanda farasi, alifariki mwaka 1834. Mama yake, Varvara Petrovna, alimiliki mashamba makubwa pamoja na maelfu ya wakulima waliofungwa kwenye ardhi hiyo. Aliwachapa fimbo, na hata wanawe hawakusalimika. Ivan alikua akiuchukia utumwa huo. Alisoma Moscow, Saint Petersburg na Berlin, na aliporudi hakuelewana tena na mama yake, aliyemkatia pesa. Mama alipofariki mwaka 1850, mwana aliwaacha huru watumishi wa nyumbani.

Mwaka 1852 alitoa kitabu cha hadithi za mwindaji, kilichowaonyesha wakulima kuwa watu wenye akili na uchungu wao. Mwaka huohuo alifungwa mwezi mmoja kwa sababu ya makala ya kumlilia mwandishi Gogol, kisha akalazimishwa kukaa shambani kwake chini ya ulinzi. Utumwa wa wakulima ulifutwa mwaka 1861.

Mwaka uliofuata ilitoka Baba na Wana. Bazarov, mwanafunzi wa udaktari, anafika nyumbani kwa baba ya rafiki yake Arkady. Anakataa mila, mashairi na heshima ya wakubwa. Baba mkubwa wa Arkady, Pavel, anagombana naye mpaka wanapigana kwa bastola. Baadaye Bazarov anarudi kwa wazazi wake na kumsaidia baba yake kutibu wanakijiji. Siku moja anajikata akipasua maiti ya mtu aliyekufa kwa homa ya tifasi. Daktari wa pale hana dawa ya kuchoma kidonda. Bazarov anakufa, na wazee wake wanabaki kulia kaburini. Wakongo walioishi na Ebola wanaelewa haraka hatari ya maiti ya mgonjwa.

Riwaya ilimletea Turgenev maadui pande zote mbili. Vijana wengi walisema amewadhihaki. Baadhi ya wazee walisema amewasifu wabomoaji. Miaka mingi iliyobaki aliishi Ujerumani na Ufaransa, karibu na familia ya mwimbaji Pauline Viardot. Alifariki Bougival, karibu na Paris, tarehe 3 Septemba 1883, akazikwa Saint Petersburg.

Yeye mwenyewe aliandika michezo ya kuigiza. Mwezi Mmoja Kijijini, alioumaliza mwaka 1850, ulizuiwa na wakaguzi wa serikali, ukachezwa mwaka 1872 tu. Baba na Wana ilipelekwa jukwaani na Brian Friel wa Ireland, mjini London, mwaka 1987.

Kazi kama hiyo si ngeni Kisangani. Faustin Linyekula, mwanzilishi wa Studios Kabako, aliuongoza mchezo wa Racine, Bérénice, huko Comédie-Française mjini Paris mwaka 2009, kisha akaurudia kwa macho ya Kikongo.

Lubunga inajua gharama ya ugomvi. Mwaka 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulichoma nyumba na kuwakimbiza maelfu ya watu. Turgenev hakusema nani ana haki, mzee au kijana. Alionyesha tu kwamba wazazi wa Bazarov walimpenda bila kumwelewa, naye aliwapenda bila kujua namna ya kuwaambia, mpaka muda ukaisha.