Mandara ni nani? Ni Rindi, Mangi wa Moshi

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee jina. Jina lenyewe ni Mandara. Hapa Moshi nani halijui? Muulize kijana yeyote anayepandisha mizigo ya watalii, atakwambia ni kambi ya kwanza njia ya Marangu, kama mita 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Sasa muulize Mandara alikuwa nani. Wengi kimyaaa!

Mandara alikuwa mtu, tena mtu mkubwa. Ni Mangi Rindi wa Moshi, ile ya juu ambayo leo tunaiita Old Moshi. Rindi ndilo jina la nyumbani. Watu wa pwani waliopanda na misafara walimjua kama Mandara, Wazungu wakalidaka hilohilo wakaliandika kwenye vitabu vyao. Basi duniani akawa Mandara, migombani akabaki Rindi.

Mambo haya hayako kwetu tu. Chukueni Nevada, lile jimbo la Marekani. Ni neno la Kihispania, maana yake yenye theluji, na limetokana na milima ya Sierra Nevada. Lilipata ujimbo mwaka 1864. Leo ukienda kule ukalitamka Kihispania, na ile "a" ya katikati ukaiachia wazi kama ya kwenye "baba", wenyeji wanakusahihisha wewe! Ya kwao imebanwa, inaelekea kwenye "e". Yaani jina likishahamia mdomo mwingine, mwenye nalo wa mwanzo haulizwi tena.

Turudi kwa Rindi. Huyu bwana alikuwa na jicho moja tu linaloona, lakini aliona mbali kuliko wengi wenye mawili. Alijua Kiswahili, kwa hiyo aliongea na wafanyabiashara wa pwani bila mkalimani. Misafara ilitua kwake. Pembe za ndovu zilipita hapo, na tusifichane, watu pia waliuzwa. Mateka wa vita zake na majirani walishushwa pwani kama bidhaa. Anayetaka kumfanya malaika atakwama hapo.

Na wageni je? Mmisionari Charles New alifika mwaka 1871 akapanda mpaka kwenye theluji. Aliporudi mara ya pili, Rindi akamnyang'anya mali, na New akafia njiani akirudi pwani mwaka 1875. Mwaka 1884 akaja Mwingereza Harry Johnston, naye alikaribishwa vizuri halafu wakakosana.

Mwaka 1885 ndio utamu wenyewe. Kwanza akaja Jenerali Mathews kwa niaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, Rindi akakubali bendera ya Sultani. Wiki chache baadaye akaja Mjerumani Karl Jühlke na mkataba wake, Rindi akakubali tena! Wengine watasema kigeugeu. Mimi nasema alikuwa anacheza karata. Mbele yake alikuwa na Sina wa Kibosho, jirani mwenye nguvu kweli, na alihitaji bunduki na marafiki. Mwaka 1889 akatuma wajumbe wake mpaka Berlin. Fikiria, Wachagga wa enzi hizo wanatembea Berlin!

Karata ikalipa mwaka 1891, Wajerumani wakiongozwa na Wissmann walipompiga Sina. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, maana mgeni aliyekusaidia kumpiga jirani harudi kwao. Rindi akafariki mwaka huohuo, deni likamwangukia mwanawe Meli. Meli aliwashinda Wajerumani Juni 1892, wakarudi mwaka 1893 wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na wengine 18. Naye jina lake limeponzwa na Kiswahili, mtoto wa mjini akisikia Mangi Meli anawaza boti ya Zanzibar.

Hata Moshi yenyewe ni hivyohivyo. Wenyeji wa juu lugha yao ni Kimochi. Kiswahili kikafanya Moshi, Wajerumani wakaandika Moschi, mgeni akisikia anauliza moto uko wapi. Reli kutoka Tanga ilipofika huku bondeni mwaka 1911, jina likashuka nayo, na Moshi ya Rindi ikabaki kuitwa ya zamani.

Sasa ile kambi. Wakati wa Mjerumani iliitwa Bismarck, na ile ya juu yake, Horombo, iliitwa Peters, kwa jina la Karl Peters, mtu aliyeacha damu na vilio huku mlimani. Kuyatoa majina hayo tukaweka ya wamangi wetu, safi sana. Ila angalieni vituko vya historia, Mandara imewekwa kwenye njia ya Marangu, kwa Marealle, mpinzani wake mkubwa!

Mimi siombi kambi ibadilishwe jina tena. Naomba wanaopandisha wageni wawaambie kidogo tu, kwamba Mandara ni mtu, kwao anaitwa Rindi, mkazo uwe kwenye "da" na siyo mwanzoni kama watalii wanavyopenda. Mtu akilipia hela zote zile kupanda mlima, si ajue basi amelala kwa nani?

Na nyie wadau wa Old Moshi, wazee bado wapo. Kaeni nao muwaulize habari za Rindi, mema na mabaya yote, halafu mtuwekee hapo chini kwenye maoni. Tusisubiri mgeni aje kutuandikia tena, atakosea na matamshi.