Joseph Bates Mezani
Waadventista walipofika Giti, milimani Upare, mwaka 1903, Joseph Bates alikuwa kaburini kwa miaka 31. Nahodha huyu Mmarekani aliacha pombe kali mwaka 1821, baadaye divai, tumbaku, chai na kahawa. Nyama aliiacha mwaka 1843. Kwa miaka ishirini hakumlazimisha mtu. Alipoulizwa kwa nini hali nyama, alijibu kwa kifupi tu kwamba amekwisha kula fungu lake. Ni baada ya mwaka 1863 ndipo alipofundisha waziwazi. Hata hivyo alijinyima mno (mama wa Same angempakulia makande!), na mwaka 1872, muda mfupi kabla hajafa, Ellen White alimwandikia akimsihi ale chakula cha kutosha.